Msumeno Mkubwa Si Mshahara Mkubwa



Kuni za boila hazijikati zenyewe. Hapa Giheke, mtu akipanda vilima vya Shagasha huona chai na wachumaji wake, lakini wale wanaokata mikaratusi hawaonwi na wengi, husikika tu. Bila kuni zao majani hayanyauki wala hayakauki. Kilo moja ya chai kavu hutaka kilo nne hadi tano za majani mabichi, na maji yote yale hutolewa na moto.

Kikundi kimoja cha wakata kuni wanaolipwa kwa steri kilituuliza swali. Msumeno wao wa injini umechoka, wamechanga fedha, wanataka kununua mwingine wenye nguvu zaidi. Je, wanunue? Tuliwajibu kwa mdomo. Lakini kwa kuwa swali hili tunaulizwa pia na wandugu wa mashamba mengine, tumeona vema tuliandike.

Kwanza tujue nguvu ni nini. Tuchukue misumeno miwili ya kampuni ya Kijerumani ya Stihl, ambayo wengi mnaijua. Ule wa MS 250 una injini ya sentimita za ujazo 45, nguvu za farasi 3 hivi, na uzito wa kilo 4 na nusu kabla ya kufungwa mnyororo. Ule wa MS 381 una sentimita za ujazo 72, nguvu za farasi zaidi ya 5, na uzito wa kilo 6 na nusu hivi. Tofauti ni kilo mbili. Kilo mbili asubuhi ni maneno tu. Saa nane mchana, kwenye mteremko uliolowa mvua, ni jambo jingine.

Sasa tazameni mti mnaoukata. Mikaratusi mingi ya kuni ni machipukizi ya visiki, hukatwa ikiwa na miaka saba au minane, na unene wake ni shubiri moja au zaidi kidogo. Mti wa namna hiyo humalizwa na msumeno wa sentimita za ujazo 45 au 50, wenye ulimi wa sentimita 40. (Ulimi ni kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo.) Msumeno mkubwa una kazi yake, nayo ni miti ya zamani iliyonenepa, ambapo mdogo hubanwa na kuungua injini. Wala msidanganyike kufunga ulimi mrefu kwenye injini ndogo. Hiyo ni kumbebesha mtoto gunia la mtu mzima.

Tulipoutazama msumeno wa kikundi kile, tuliona ugonjwa hauko kwenye injini. Ulikuwa unatoa vumbi. Mnyororo mkali hutoa vipande kama maganda, mnyororo butu hutoa unga. Na mnyororo hufa kwa udongo: gogo limelala chini, mtu anakata mpaka anagusa ardhi, na meno yote yanakwisha kwa nukta moja. Lazeni gogo juu ya gogo jingine. Kila mkijaza petroli, piteni na tupa. Wengi hunoa jino wakasahau kile kijino cha mbele yake kinachopima kina cha kukata. Kikibaki juu, msumeno hauli mti. Kikinolewa kupita kiasi, msumeno unauma mti kwa nguvu na kumrusha mwenye kuushika.

Jambo jingine ni hewa. Uwanja wa ndege wa Kamembe, jirani zetu, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Msumeno mkubwa nao hupoteza vilevile. Kabureta iliyorekebishwa pwani ikiletwa huku hunywa petroli kupita kiasi, hutoa moshi na kuchafua plagi. Fundi huirekebisha kwa dakika chache. Na mchanganyiko wa mafuta usipimwe kwa macho: kama kitabu cha msumeno kinasema 1 kwa 50, basi lita 5 za petroli hutaka mililita 100 za oili, na oili yenyewe iwe ya injini za namna hiyo.

Tuje kwenye malipo, maana hapo ndipo wandugu huumia. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kikundi kinakata steri 6 kwa siku, kila steri frank 900, kinapata 5,400. Kinanunua msumeno mkubwa, kinafika steri 9. Msimamizi anaona, anasema kazi sasa ni rahisi, anashusha bei hadi frank 650. Steri 9 sasa ni frank 5,850. Nyongeza ni 450, na lita moja ya petroli Rwanda leo inazidi frank 1,500. Msumeno mkubwa ukila lita moja tu zaidi kwa siku, mmekata nusu zaidi ya zamani mkapata pungufu, na deni la msumeno bado. Tumeyaona haya kwa macho yetu katika shamba moja, si la hapa Giheke. Kwa hiyo bei ya steri ikubaliwe kwa maandishi kabla ya kununua mashine, si baada.

Tena kuna mwili. Sehemu ya juu ya ncha ya ulimi ikigusa tawi, msumeno huruka kuelekea usoni, na injini kubwa huurusha kwa nguvu kubwa. Ndiyo sababu Stihl waliweka breki ya mnyororo mwaka 1972. Breki iliyokufa ikifungwa kwa waya, hiyo si breki tena. Mtikisiko nao huua mishipa ya vidole polepole. Vidole huwa vyeupe na kufa ganzi asubuhi ya baridi, na ugonjwa huo ukishakomaa hauponi. Mipira ya kwenye mishikio inazuia mtikisiko, basi ibadilishwe ikipasuka. Sauti vilevile: wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanasema desibeli 85 ni mwisho kwa saa 8, na zikifika 100 ni dakika 15 tu. Msumeno wa injini hupita 100. Mtu asiye na vizuia sauti amekwisha kupita kipimo chake kabla gogo la tatu halijaanguka.

Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi. Na mchango wa ajali za kazini katika RSSB, asilimia 2 ya mshahara, hulipwa na mwajiri. Lakini mkata kuni anayelipwa mkononi kwa steri, jina lake haliko popote. Akikatwa mguu, nani atasema alikuwa kazini? Ulizeni kama majina yenu yamepelekwa. Swali hilo liulizwe kabla ya swali la msumeno.

Wandugu wa kikundi kile hatimaye hawakununua ule mkubwa. Waliita fundi wa kabureta, wakanunua minyororo miwili mipya na tupa ya duara, na fedha iliyobaki ikatosha kofia moja yenye kinga ya uso na masikio. Sasa wanabishana nani aivae, kwa sababu msumeno hushikwa kwa zamu. Tumewaambia anayeshika msumeno ndiye anayevaa, na kofia ya pili iko kwenye orodha ya madai yetu.