Je, Wajua? Umeme na Mahindi Mabichi

Je, wajua kwamba gunia la kilo 90 la mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 lina karibu lita 7 za maji yasiyotakiwa? Hayo ndiyo yanayopaswa kutoka ili ufikie asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki.

Kuyageuza mvuke kwa hita ya umeme hula zaidi ya uniti 4, hata kama hakuna joto linalopotea. Ndiyo maana mashine nyingi kubwa za kukausha nafaka huchoma dizeli, kuni au magunzi, umeme ukazungusha feni. Na feni ndiyo yenye kazi! Hewa ya moto iliyosimama hujaa mvuke upesi, kisha haikaushi tena.

Je, wajua kwamba joto dogo tu hubadili hewa? Ile yenye unyevu wa asilimia 80 kwa nyuzi 20, kama siku ya manyunyu kule Kitale, ukiipasha hadi nyuzi 30 hushuka hadi asilimia 45 hivi. Hapo huanza kuvuta maji kwenye punje.

Ila mahindi ya mbegu yasipite nyuzi 43. Kiini hufa, na kwa macho hutajua: punje hubaki nzima, nzuri, lakini haioti.

Ipo pia pampu ya joto. Hukamua maji kwenye hewa iliyotoka kwenye nafaka na kuirudishia joto lake, hivyo uniti 1 ya umeme huleta joto la uniti 2 hadi 4. Bei yake bado ni mzigo kwa mkulima mmoja. Chama cha ushirika ndicho kingeiweza.

Je, wajua kwamba mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya? Walikula mahindi yao wenyewe, yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo, na kukausha baadaye hakuifuti. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya kuvuna ndizo za kupigania.

Huna kipima unyevu? Tia mahindi theluthi ya chupa kavu, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umepita asilimia 15: yarudishe kwenye feni.