Kinga ipo, miguu ipo: kwa triatloni ya kwanza Kisangani, mtihani ni mto na kaye ya feza

Triatloni ni mchezo wa sehemu tatu zinazofuatana bila kupumzika: kuogelea, kuendesha kinga, kisha kukimbia kwa miguu. Saa inaendelea kuhesabu hata wakati mtu anafunga viatu. Katika nchi nyingi wanaouingia mara ya kwanza si mabingwa. Ni walimu, wauguzi, wafanyakazi wa ofisi, na wengi wao wanafanya hivyo ili kuchangisha feza: ndugu na marafiki wanaahidi kiasi fulani, mtu anajizoeza miezi mitatu, siku inafika, anamaliza, ahadi zinalipwa, hospitali ao yatima wanapata kitu.

Je, jambo kama hilo linawezekana Kisangani? Kwa upande wa miguu, ndiyo, na pengine kwa urahisi kuliko katika miji mingi. Shida ziko pahali pawili: ndani ya maji, na ndani ya kaye ya feza.

Kwanza urefu, maana wengi wanaogopa mchezo huu kwa sababu wameona ule mkubwa kwenye televizyo. Ule unaoitwa Ironman, ulioanza Hawaii mwaka 1978, ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za kinga na 42 za mbio. Nusu yake ilifika karibu sana na Goma: Agosti 2022, Rubavu, upande wa pili wa mpaka, watu waliogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, wakaendesha 90, wakakimbia 21. Triatloni ya Olimpiki, iliyoingia katika michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni kilomita 1.5, 40 na 10. Anayeanza hahitaji yote hayo. Kwake kuna ile fupi inayoitwa sprinti: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za kinga, kilomita 5 za mbio. Kilomita 20 ni pungufu ya kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka na kurudi, kwani uwanja huo uko kilomita 17 hivi kutoka kati ya mji.

Na kinga, mtu wa Kisangani hafundishwi. Miaka ya vita, magari yalipoibwa ao kukosa esanse, ni toleka zilizobeba mji huu: wagonjwa, wanafunzi, magunia ya muhogo, hata masanduku ya maiti. Jina lenyewe ni la Kilingala, "tupite". Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini wako bado wanaume wanaosukuma kinga yenye mzigo wa zaidi ya kilo 100 kwenye barabara za udongo, siku nyingi mfululizo, kutoka mjini kwenda vijijini na kurudi. Mtu kama huyo akipewa kilomita 20 bila mzigo atauliza kama huo ni mchezo ao ni mapumziko.

Kinga ya mashindano yenye tairi nyembamba si ya lazima, na kwa mashimo ya barabara zetu haina faida. Cha lazima ni breki zinazoshika, mnyororo wenye mafuta, na kofia ngumu ya kichwa. Hapo watu wanacheka, maana hakuna anayevaa kofia ngumu kwenye toleka. Wacheke. Anayejizoeza anakwenda mbio kuliko toleka, kati ya pikipiki ambazo hazimwangalii.

Majuma kumi na mawili

Kwa mtu mwenye afya anayeweza kutembea saa moja bila kuchoka, majuma 12 yanatosha kwa sprinti. Siku tano za mazoezi kwa juma, mbili za kupumzika kabisa: kuogelea mara mbili, kukimbia mara mbili, kinga mara moja. Majuma ya kwanza dakika 20 hadi 30 zinatosha, na kukimbia kunachanganywa na kutembea. Kila juma unaongeza kidogo, na kila juma la nne unapunguza ili mwili ujenge kile ulichofundishwa. Wengi wanaoacha wanaacha juma la tatu, kwa sababu juma la kwanza walifanya kama wanajeshi.

Tangu juma la tano kuna zoezi moja ambalo mtu asiruke: kushuka kwenye kinga na kukimbia papo hapo, hata dakika kumi tu. Mara ya kwanza miguu inakuwa kama ya mtu mwingine, mizito, haitii. Ni kawaida, na inapungua kwa kuzoea. Asiyejaribu mapema ataikuta siku ya mashindano mbele ya watu.

Hali ya hewa ya Kisangani ni kazi nyingine. Mji uko karibu kabisa na ikweta, ndani ya msitu, na hewa yake ina unyevu mwingi. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Ndiyo maana mazoezi yanafanywa jua linapochomoza, si saa sita. Maji ya kunywa peke yake hayatoshi kwa anayetoka jasho zaidi ya saa moja. Kinywaji cha bei ya chini ni kile ambacho mama wengi wanatengenezea mtoto mwenye kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kwa chakula, lituma na samaki haina haja ya kuonea haya chakula chochote cha dukani. Ndizi inatoa nguvu, samaki inarudisha nyama ya mwili. Ila isiliwe karibu na mazoezi. Saa tatu kabla ni vizuri.

Na homa ikija, mazoezi yanasimama. Hapa malaria haiko mbali na mtu yeyote, na kukimbia nayo "ili itoke kwa jasho", kama wengine wanavyoshauri, ni hatari. Kipimo kwanza, dawa mpaka imalizike, halafu juma moja la kutembea tu.

Mto

Wenye kuanzisha mchezo huu huko San Diego, Marekani, mwaka 1974, walianza na mbio na kumaliza na kuogelea. Baadaye mpango uligeuzwa, na leo kuogelea ni kwanza. Sababu yake ni rahisi: mtu aliyechoka akikimbia anakaa chini, akiogelea anazama.

Kisangani iko pahali ambapo maporomoko ya Boyoma yanaishia. Ni saba, yanashuka kutoka upande wa Ubundu kwa kilomita karibu 100, na la mwisho ni lile la Wagenia na mitego yao ya samaki. Chini yake Mto Kongo unakuwa mpana na unaonekana mtulivu, lakini mkondo wake ni ule unaobeba magogo mazima. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 mto ulifurika kwa kiasi ambacho hakikuonekana tangu 1961. Mtu anayejifunza kuogelea hana kazi ndani ya mkondo huo. Mto Tshopo ni mdogo zaidi, lakini nao una maporomoko, na karibu na barazhi ya umeme maji yanaweza kubadilika ghafla.

Pembeni, kwenye maji yaliyotulia yenye majani, hatari inageuka jina. Huko ndiko wanakokaa konokono wanaobeba bilarizi. Kidudu chake kinaingia kwa ngozi, hakiumi, na dalili zinaweza kuchelewa miezi. Vidudu hivyo vinatoka kwa wingi saa za jua kali, kwa hiyo asubuhi mapema hatari inapungua, ingawa haiishi. Aliyeogelea mtoni mara nyingi aende kupimwa. Dawa ya prazikanteli ipo na inaponya.

Njia iliyo salama zaidi ni pisini, hata kama ni ya hoteli na inalipwa. Kwa majuma sita ya kwanza mtu anajifunza huko mambo mawili tu: kutoa pumzi ndani ya maji, na kulala chali akielea bila woga. Pisini ikiwa fupi, ya mita 20, mita 750 ni kuvuka mara 38. Inachosha akili, lakini ukuta uko karibu siku zote. Kwenda mtoni kunakuja baadaye na kwa masharti: si peke yake, si baada ya mvua kubwa, si bila mtumbwi pembeni wenye mtu anayejua mto na jileti la kuokolea. Kwa hilo mwalimu mzuri ni mvuvi. Yeye anajua pahali maji yanapozunguka, na akisema leo hapana, ni hapana.

Kuna faida nyingine ambayo haihusu michezo. Kati ya Makiso na Lubunga hakuna daraja. Kila siku wakaaji wanavuka kwa mitumbwi ya mota, wengi bila jileti, wengi bila kujua kuogelea. Mtu mzima anayejifunza kuelea kwa ajili ya triatloni anarudi nyumbani na kitu ambacho watoto wake pia wanahitaji.

Feza za watu

Mfano unaogusa mashariki ya Kongo moja kwa moja unatoka mbali. Mwaka 2005 mama mmoja wa Portland, Marekani, Lisa Shannon, aliona kwenye televizyo habari za wanawake wa Kongo waliobakwa katika vita. Hakuwa mwanariadha wa kazi. Alijizoeza, akakimbia peke yake maili 30, karibu kilomita 48, kwenye njia ya msituni, na akachangisha karibu dola 28,000. Alichoomba kilikuwa wazi: dola 27 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja, kwa mwanamke mmoja, kupitia shirika la Women for Women International. Kila mchangiaji alijua feza yake ni ya mtu, si ya "mradi". Baadaye mbio hizo zilifanywa na watu wengine katika miji mingine.

Uganda walichukua njia tofauti. Tangu 2012 vilabu vya Rotari vinafanya mbio za kupambana na kansa, na wanaokimbia wananunua fulana. Feza ya fulana ndiyo mchango, kwa ajili ya matibabu ya kansa katika hospitali ya Nsambya, Kampala. Uzuri wake ni kwamba hakuna ahadi ya kufuatilia nyumba kwa nyumba baada ya mashindano. Ubaya wake ni kwamba fulana zinachapishwa kabla, na zisiponunuliwa ni deni.

Kisangani, kabla ya njia yoyote, swali la kwanza la mtaani litakuwa: "Wewe unakimbia, na feza inakimbia kwenda wapi?" Swali hilo halitoki kwa roho mbaya. Mji huu ulipigwa mabomu katika vita ya siku sita, tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda. Mwezi wa pili 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliagiza Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya vita vyake nchini. Tangu hapo orodha za wahanga, nani ameandikwa na nani ameachwa, ni mazungumzo ya kila kartye. Anayechangisha kwa jina la wenye kuteseka anaingia ndani ya mazungumzo hayo, atake asitake.

Kwa hiyo kaye inaandikwa kabla ya viatu kununuliwa. Anayekimbia asishike feza. Anayeshika feza asiwe ndiye anayeandika. Namba ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money iwe ya kazi hiyo tu, na kila ujumbe wa kuingia uandikwe siku ileile. Dola na franka ziwe kwenye kurasa mbili, pamoja na bei ya kubadilisha ya siku hiyo, la sivyo mwezi mmoja baadaye hesabu haitapatana na hakuna atakayeamini kwamba ni bei tu iliyobadilika. Noti ya dola iliyopasuka ikataliwe palepale, kwa upole, maana soko nalo litaikataa.

Hesabu ifanywe kwa ukweli. Sprinti ni kilomita 25.75. Rafiki akiahidi franka 500 kwa kilomita, ni franka 12,875. Marafiki ishirini wa namna hiyo ni franka 257,500, kwa bei ya miaka hii karibu dola mia moja. Kiasi hicho hakijengi hospitali, na kutangaza "tunasaidia wakimbizi" kwa dola mia ni kutafuta lawama. Lakini kuna familia zilizokimbia mgogoro wa Wambole na Walengola tangu 2023, na zikaingia mjini bila kitu. Kwa dola mia watoto wa darasa moja kati yao wanapata kaye na biki, na mwalimu wao anaweza kusimama na kusema zilifika ngapi.

Mambo mawili yanasahauliwa kila mara. La kwanza ni dhoruba: mvua ikisimamisha mashindano nusu ya njia, je, ahadi inalipwa nzima ao kwa kilomita zilizofanywa? Jibu liandikwe juu ya ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la mchangiaji wa kwanza. La pili ni mwenye mtumbwi. Yeye ameacha kuvua asubuhi nzima ili wengine wasizame, na kazi yake ina bei. Iandikwe kwenye kaye kama gharama, kwa kiasi kilichokubaliwa mbele ya watu wawili, na alipwe siku hiyohiyo, kabla feza yoyote haijapelekwa kwa wale inaowahusu.