Unafunga kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya macho ya watu?

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili ya mfungo wa siku 21, ule ambao makanisa mengi huufungulia mwaka kila Januari. Maombi ya saa tisa alasiri yalikuwa yamepamba moto, watu wamesimama, mikono juu. Mama yangu, ambaye ni kiongozi wa idara ya wanawake kanisani kwao, alianza kutokwa jasho jingi. Akatetemeka, kisha akawa anazungumza maneno yasiyoeleweka.

Waliokuwa karibu walimzunguka na kuzidisha maombi. Wapo waliodhani ameshukiwa na Roho, wapo walioanza kukemea pepo. Aliyemwokoa ni dada mmoja, mhudumu wa mlangoni, ambaye siku za kawaida ni muuguzi. Alimtazama na kuuliza swali moja tu: "Mama huyu ana kisukari?"

Alipojibiwa ndiyo, na kuona mama bado anaweza kumeza, alimnywesha maji yenye sukari kwa kikombe cha plastiki. Baada ya kama robo saa mama alianza kutambua yuko wapi.

Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta amejilaza kwenye kochi. Nilimwamkia, nikamuuliza ilikuwaje. Akaniambia, kwa fahari kidogo, kwamba dawa hakuacha. Alimeza asubuhi kama kawaida, ila hakula.

"Kwani mchungaji alikukataza kula, mama?"

"Hapana."

"Mungu je?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wale kina mama mimi ndiye ninayewahimiza wafunge. Wangenionaje wakinikuta nakunywa uji?"

Jibu hilo sikulisahau. Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya na kila wiki nazungumza na madaktari. Lakini mgonjwa ninayeishi naye nyumba moja sikuwahi kumuuliza anafungaje. Na yeye, muumini wa miaka mingi, alikuwa amekiri bila kukusudia kwamba mfungo ule haukuwa wa Mungu peke yake. Sehemu yake kubwa ilikuwa ya watu.

Kilichotokea mwilini

Mama anatumia dawa mbili za kisukari, metformini na glibenklamaidi. Hiyo ya pili hulisukuma kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Ukila, insulini ile hukuta sukari ya chakula na kuifanyia kazi. Usipokula, huendelea kuishusha sukari ile ile kidogo iliyopo kwenye damu, na nguvu ya dawa hiyo inaweza kudumu hadi saa 24. Kwa anayejidunga insulini hatari ni hiyo hiyo.

Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa kipimo cha mashine zetu (milimoli kwa lita), huo tayari ni upungufu. Ikifika chini ya 3.0, ubongo unaanza kukosa chakula chake. Ndipo zinapokuja dalili alizokuwa nazo mama: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na mwisho kupoteza fahamu au degedege. Mtu asiyejua anaweza kuona ulevi, pepo au upako.

Kwa hiyo kosa la mama lilikuwa la aina ambayo wengi hulifanya wakiamini wanatii wote wawili, daktari na kanisa. Kumeza dawa na kuacha chakula kulikuwa hatari, na kuacha vyote bila ushauri nako kungempandisha sukari. Njia iliyokuwa salama ni moja, kumwambia daktari mapema kwamba anataka kufunga, na kuwa tayari kusikia kwamba asifunge.

Hapa ndipo sisi Wakristo tuna tatizo letu. Ndugu zetu Waislamu wanajua mwezi wao wa mfungo, na wahudumu wa afya pia wanaujua. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishiriki kutoa mwongozo wa kitabibu wa kisukari na Ramadhani mwaka 2016 na kuuhuisha mwaka 2021, unaoeleza nani asifunge na namna ya kubadili dawa. Mfungo wa kanisa hutangazwa Jumapili na kuanza Jumatatu. Kanisa hili linafunga siku 3, lile siku 21, jingine siku 40. Kliniki haiwezi kujua. Mgonjwa asiposema mwenyewe, hakuna atakayemuuliza.

Maandiko yanasemaje?

Nilimwomba mama tuketi na Biblia yake. Tulianza na Mathayo sura ya 6. Pale Yesu hakuukataa mfungo, aliwakemea wanaokunja nyuso ili watu wajue wamefunga, na akataka anayefunga anawe uso na kujipaka mafuta, jambo libaki kati yake na Baba yake. Mama alicheka, akasema mwaka ule angepaka mafuta asingepaka, wote walikuwa wanamhesabia siku.

Tukasoma Isaya 58, ambako watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuona. Wanajibiwa kwamba siku hiyo hiyo ya mfungo wanawaonea wafanyakazi wao na kugombana, na kwamba mfungo autakao ni kufungua vifungo vya walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Tukasoma Danieli sura ya 10, ambako nabii huyo kwa majuma matatu aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Siku 21 za makanisa yetu mengi zimetoka pale, lakini andiko halisemi kwamba hakutia kitu kinywani.

Kilichomgusa mama zaidi ni waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5. Paulo, mtume aliyezoea kufunga, anamshauri kijana wake katika huduma aache kunywa maji tu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yanayomrudia mara kwa mara. Mtumishi wa Mungu aliyekuwa mgonjwa alishauriwa ajitunze, wala hakuambiwa imani yake ni haba.

Wengi wetu tunalipenda lile tamko la Petro na mitume wenzake katika Matendo ya Mitume sura ya 5, kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Tunalitumia tukifikiria serikali, wazazi wasioamini au wakubwa wa kazini. Mara chache tunakumbuka kwamba wanadamu hao wanaweza kuwa ni wapendwa wa benchi moja na wewe, wenye sare kama yako, wanaokuita dada au mama. Macho yao ni mazito kuliko ya polisi.

Utaratibu wa Kanisa Katoliki unatoa mfano mzuri. Sheria yake ya kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, inawahusu wenye umri wa miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, na mgonjwa hafungwi nayo. Asiyefunga kwa sababu ya ugonjwa hajavunja amri, kwa kuwa amri yenyewe haikumhusu.

Nani azungumze na daktari kwanza?

Mtu mwenye afya njema anaweza kufunga bila shida kubwa, hasa akinywa maji. Makala haya hayapingi mfungo. Lakini usianze kabla ya kupata ushauri kama una kisukari na unatumia dawa au insulini, una ugonjwa wa figo, moyo au kifafa, una vidonda vya tumbo, ni mjamzito au unanyonyesha, au uko kwenye dawa za kifua kikuu au ARV. Wazee waliodhoofika na watoto nao wasilazimishwe.

Kwa dawa za kila siku kama za shinikizo la damu, ARV na kifua kikuu, jambo la kwanza ni kutokatisha dozi. Kumeza kidonge kwa maji hakukufanyi uwe umevunja agano na Mungu. Atakayekwambia utupe dawa ili uthibitishe imani, mwache yeye.

Ukiona mwenzako mwenye kisukari anatetemeka na kutoka jasho, na bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, kisha ale chakula. Akiwa hana fahamu usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Maombi yaendelee mkiwa njiani.

Nyumbani na kanisani

Familia isisubiri tukio. Kabla mfungo haujaanza, muulizeni mama, baba au bibi anayetumia dawa amepanga kufungaje, na mmoja aende naye kliniki. Msimkejeli akila. Kanisa nalo linaweza kusaidia kwa sentensi moja tu madhabahuni: mgonjwa amuone daktari kwanza, na anayekula kwa sababu ya afya asihukumiwe.

Mwaka uliofuata, siku ya kutangaza mfungo, mama aliomba nafasi mbele ya kina mama wake. Aliwaambia ana kisukari, kwamba daktari amemkataza kukaa na njaa, na kwamba mwaka jana alifunga kwa kuwaogopa wao. Safari hii atakunywa uji wake asubuhi, atakula mchana na jioni kwa kiasi, bila nyama wala kitafunwa. Atazima televisheni siku zote 21, na pesa ya nyama atampelekea jirani aliyefiwa na mume.

Haikuwa rahisi. Siku ya pili alisikia minong'ono alipofungua chupa yake ya uji nyuma ya kanisa. Mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba viongozi wa siku hizi ni wa uji. Mama alirudi nyumbani amenyong'onyea, akaniambia jana yake alitamani kuacha uongozi.

Nilimkumbusha habari ya Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Aliomba kwa uchungu, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akadhani amelewa. Kuhani mwenyewe, pale pale hekaluni, alikosea kumsoma. Mungu hakukosea.

Wiki haikuisha kabla wanawake wawili hawajamfuata mama, kila mmoja kwa wakati wake, baada ya ibada. Wa kwanza alimwambia ana shinikizo la damu na amekuwa akiacha vidonge kila mfungo. Wa pili alisema tu kwamba naye yuko kwenye dawa. Dawa gani hakutaja, na mama hakumuuliza. Alimmiminia uji kwenye kifuniko cha chupa, wakanywa.