Besi Husikia kwa Ubavu: Chambo cha Mtoni na Mdundo Wake

Msomaji wetu mmoja aliyehamia Harrisburg, Pennsylvania, ametuletea swali. Siku za mapumziko huvua besi mdomo-mdogo katika Mto Susquehanna, mto mpana, wenye kina kifupi na mawe tele. Samaki hawamsumbui kama duka linavyomsumbua. Ukuta mzima umetundikwa vyambo bandia, na kila umbo lina rangi zake chungu nzima. Anauliza anunue rangi gani.

Mambo ya fundo, mshipi na ndoana sitayagusa. Anayeuliza rangi keshavuka hapo. Historia nayo naipitia mbiombio, ingawa ina utamu wake. Mto Potomac, kusini ya huo wake, haukuwa na besi huyu kwa asili. Alifikishwa huko mwaka 1854 akisafiri ndani ya tangi la maji la garimoshi. Binamu yake, besi mdomo-mkubwa, aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, kwa hiyo wavuvi wa Naivasha nao wana sababu ya kuendelea kusoma, japo ziwa halina mkondo, na leo habari yote ni mkondo.

Swali la rangi naliweka kando kwanza. Mtoni ningechagua chambo kwa mdundo wake.

Besi, kama samaki wengi, ana kiungo ambacho sisi hatuna. Wengine hukiita mstari wa pembeni. Jina hilo limepooza, tena linapotosha, maana kiungo chenyewe hakikomei pembeni: kinapanda hadi kichwani, kinazunguka jicho na kushuka kwenye taya. Mimi nitakiita ubavu sikivu, na mhariri akinuna, anune. Ndani yake mna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Maji yakisogea, vinyweleo vinapinda, na neva inapeleka habari kwenye ubongo. Seli hizo zimepangwa kwa namna mbili, na hapo ndipo uhondo ulipo. Nyingine zimekaa wazi juu ya ngozi. Nyingine zimefichwa ndani ya vibomba vyembamba vilivyopita chini ya ngozi, vyenye matundu ya kufungukia nje hapa na pale.

Kwa nini mbili? Panda daladala uone. Konda ananing'inia mlangoni, upepo unampiga usoni. Anajua fika gari linakwenda kasi gani, na likiongeza mwendo, shavu lake linampa habari. Lakini mpulizie sikioni kwa mdomo. Hatahisi kitu, kwa kuwa upepo mkubwa umekwisha kumeza pumzi yako ndogo. Sasa mtazame bibi aliyekaa ndani, dirisha limefungwa, trei ya mayai mapajani. Upepo haumfikii. Gari likishika mwendo mmoja barabara nyoofu, hata akisinzia hadhuriki, na ukimwuliza kasi hajui. Ila dereva akigusa breki, bibi amekwisha jua kabla ya konda. Kila shimo analo, kila tuta analo, kila dereva anapoondoka kituoni kwa papara mayai yanamwambia. Konda anahisi mwendo. Bibi anahisi mabadiliko ya mwendo. Seli za juu ya ngozi ndizo konda. Zile za ndani ya vibomba ndizo bibi: mkondo unaotiririka sawasawa unasukuma matundu yote ya jirani kwa nguvu ileile, basi ndani ya kibomba maji hayatikisiki. Kitu kikitetemeka karibu, tundu moja linasukumwa zaidi ya jirani yake, maji ya ndani yanasogea, na bibi anashtuka.

Mwaka 2000 Jacob Engelmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walilionyesha jambo hili katika jarida la Nature. Walisikiliza neva za samaki huku tufe dogo likitetemeshwa karibu nao, kwanza katika maji yaliyotulia, kisha katika maji yanayotiririka. Mkondo ulipofunguliwa, seli za juu ya ngozi zilizibwa masikio. Za ndani ya vibomba ziliendelea kulisikia tufe. Samaki wao walikuwa trauti na samaki wa dhahabu, si besi, lakini vibomba besi anavyo, na mimi hilo linanitosha.

Sasa turudi dukani. Chambo chenye ulimi wa plastiki chini ya kidevu hutikisika kwa sababu maji yanayoupita ulimi huo yanazaa vizingia, kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu. Jiwe la mtoni nalo linafanya hivyohivyo. Kanuni ya haraka: zidisha kasi ya maji kwa 0.2, kisha gawanya kwa upana wa kitu. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde ukipita jiwe la sentimita 40, kizingia kimoja kinakatika upande uleule kila baada ya sekunde 4. Ukipita ulimi wa sentimita 2, unapata mipigo 5 kwa sekunde. Hivyo jiwe linanguruma polepole, chambo kinapiga harakaharaka, na samaki aliyejificha nyuma ya jiwe ana cha kutofautisha.

Lakini kasi inayohesabiwa ni ya maji kukipita chambo, wala si ya mkono wako. Ukizungusha rili kwa nusu mita kwa sekunde dhidi ya mkondo huo, mipigo inakuwa 10. Ukitupa upande wa juu na kukivuta chambo kiteremke na maji kwa mwendo uleule wa mkondo, mipigo ni sifuri, unavuta kijiti. Chambo ni kilekile, mkono ni uleule. Nashuku vyambo vingi vilivyotupwa kapuni kwa kuitwa vibaya vilionewa hapa. Cha kuteremka na maji kivute upesi kuliko mto, au kitupe kwa kukata mkondo.

Na kwa kuwa bibi hupenda breki, kamba wa mtoni ni chakula kinachojitangaza chenyewe. Besi wakubwa huwala kwa wingi. Kamba akishtuka hupiga mkia, huruka kinyumenyume, hutua, hunyamaza. Jigi yenye kichwa cha risasi na mrija laini wa mpira huigiza mchezo huo vizuri: inua, iache iguse mawe, tulia, inua tena. Uzito uwe wa kutosha kugusa chini, usizidi, la sivyo utashinda ukikata mshipi kwenye nyufa. Maji yakichafuka baada ya mvua, kijiko kinachozunguka kina faida, maana jicho limepunguziwa kazi. Ubavu sikivu haufiki mbali, kama urefu wa mwili wa samaki mmoja au miwili tu. Kabla ya hapo jicho ndilo linaloongoza.

Ndiyo, rangi. Mwaka 2019 watafiti wa University of Illinois walimpima yule binamu, mdomo-mkubwa. Nyekundu na kijani alizitenganisha vizuri. Njano-kijani ya kung'aa aliichanganya na nyeupe, na nyeusi akaichanganya na bluu. Ningenunua nyeusi moja, nyeupe moja na moja ya kahawia inayofanana na kamba, kisha fedha iliyobaki ningeiweka kwenye jigi za uzito tofauti.