Kipima Uongo Hupima Nini?

Poligrafu, ambayo wengi huiita mashine ya kugundua uongo, haiujui uongo. Inachorekodi ni presha, mapigo ya moyo, pumzi na jasho la vidole. Iliundwa mwaka 1921 na John Larson, polisi wa Berkeley, California, aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya fiziolojia, na kasoro yake imebaki ileile: moyo wa mwongo hudunda, na wa mkweli anayeogopa kusingiziwa hudunda vilevile.

Ili kuikwepa kasoro hiyo, mpimaji huchanganya maswali. "Uliiba fedha hizi?" huambatana na swali la jumla, kama "Umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?" Nani hajawahi? Asiye na hatia hutarajiwa kubabaishwa zaidi na hilo la jumla, mwizi na lile la fedha.

Hapo ndipo wajanja wanapopenyea. Swali la jumla likiulizwa, mtu hujiuma ulimi, hukandamiza vidole vya miguu sakafuni au hupiga hesabu ngumu kichwani ili mchoro upande. La wizi likija, huonekana dogo. Katika majaribio ya maabara, watu waliofundishwa mbinu hizi kwa nusu saa tu waliweza kuponyoka, kama nusu yao. Wapimaji wakaweka vihisio kwenye kiti, lakini hesabu ya kichwani haitikisi kiti.

Aldrich Ames wa CIA hakuhitaji hata hayo. Alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, akapimwa mwaka 1986 na 1991, akapita mara zote mbili. Wasovieti walimshauri tu alale vizuri, atulie na azoeane na mpimaji. Alikamatwa mwaka 1994. Kilichomponza ni ukwasi usiolingana na mshahara wake, pamoja na nyumba aliyoilipia taslimu.

Lakini wanaoumia zaidi ni wasio na kosa. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa mfano wa watumishi 10,000 wenye majasusi 10 kati yao, kwa kukikisia kipimo usahihi mzuri. Kikikazwa hadi kinase majasusi 8, wasio na hatia wapatao 1,600 hunaswa nao. Kikilegezwa ili washukiwe bure watu 40 hivi, majasusi 8 hupita.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawakataza waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima wafanyakazi kwa mashine hii. Serikali haikujiwekea katazo hilo.