Mteja Ameondoka, Video Imebaki Kwenye Simu

Juzi nilikuwa Nainokanoka kwa kijana anayenenepesha kondoo. Mnunuzi kapanda kutoka Karatu, madume yako malishoni mbali, na bosi wake Arusha hatoi hela bila kuona video. Kijana anayo, safi kabisa, kwenye Android. Mnunuzi ana iPhone.

Mtandao hamna, WhatsApp inazunguka tu. Bluetooth ikagoma, maana iPhone haipokei faili za Android kwa njia hiyo. AirDrop nayo ya mnunuzi haikuiona kabisa ile Android. Jamaa akageuza gari.

Kuna programu ya bure inaitwa LocalSend. Inakaa kwenye Android, iPhone, hata kompyuta ya Windows. Haitaji intaneti, inataka tu simu zote ziwe kwenye Wi-Fi moja. Mwenye Android awashe hotspot na azime data (mwenzake asije akamlia bando), mwingine ajiunge. Wote mfungue programu, chagua faili, gusa jina la simu ya mwenzako, naye akubali. iPhone ikiomba ruhusa ya kutafuta vifaa vya karibu, kubali, la sivyo hamtaonana. Video inafika na ubora wake uleule. Hata kidonda cha ngozi daktari wa mifugo atakiona vizuri.

Mimi siku ile nilikuwa nayo. Wao hawakuwa nayo, na kule juu isingepakulika. Basi pakua ukishuka Karatu, na mteja akipiga simu kwamba anakuja, mwambie aipakue kabla hajapita lango la Loduare.