Kigomvi Kitafutiwe Jina: Utangulizi

Elimu ninayokukaribisha ni mofolojia, elimu ya maumbo ya maneno. Wengi wetu tuliionja shuleni kama orodha ya ngeli za kukariri, tukaiacha kwenye karatasi ya mtihani. Hapa tutaiingia kwa mlango wa nyumbani, kupitia ugomvi mdogo wa fedha kati ya mume na mke.

Baba anatumwa dukani kununua mkate na sukari. Anarudi navyo, ila chenji ya shilingi 700 haionekani. "Baba watoto, chenji iko wapi?" "Mama, mia saba tu hiyo!" Chai haijachemka, na tayari yametajwa ubinafsi, ubahili na dharau. Maneno hayo mazito yamekujaje kwa shilingi 700? Yamekuja kwa sababu tukio lenyewe halikuwa na jina. Jambo dogo lisilo na jina huazima jina la jambo kubwa, na likishaliazima hugombewa kwa ukubwa huohuo.

Sasa tazama sarufi. Ubahili, uchoyo, ubadhirifu: yote yameanza na U-, kiambishi tunachotumia kutaja hali na tabia. Ukimwambia mwenzako neno la U-, umeacha kuzungumzia mia saba. Umezungumzia alivyo tangu jana na atakavyokuwa kesho. Mchoyo na mbadhirifu ni maneno ya M-/WA-, nayo hubandikwa kwa mtu mwenyewe. Lakini Kiswahili kina KI-/VI-, ngeli ya vitu, ambayo pia hupunguza ukubwa: mlima ukawa kilima, mto ukawa kijito, ugomvi ukawa kigomvi. Ndilo wazo ninalotaka ulishike katika utangulizi huu: ugomvi wa fedha utolewe kwenye U- na M-, uhamishiwe KI-. Ila tahadhari: KI- ikiwekwa juu ya mtu hugeuka tusi, kama katika kijitu. Ipachike kwenye tukio, usiipachike kwa mwenzako.

Zana za kazi hii ziko mikononi mwetu siku nyingi. Ya kwanza ni kuambatanisha kitenzi na nomino: kifunguakinywa, kipimajoto. Ya pili ni kuigeuza sentensi nzima kuwa nomino, kama chumaulete, ushirikina unaodaiwa kuvuta fedha za mwenye duka. Ya tatu ni akronimu: LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na leo nani anakumbuka kwamba ilikuwa sentensi? Ya nne ni kutohoa. Pesa imetoka kwa paisa ya Wahindi, ikaja na biashara ya Bahari ya Hindi. Hela imetokana na heller, sarafu ambayo Wajerumani waliiingiza katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi kubwa ya kusanifu istilahi, lakini maneno buku (elfu moja), jero (mia tano) na kausha damu (mikopo ya riba kali) yalizaliwa mtaani bila kusubiri kikao. Nyumba yako nayo ina haki hiyo.

Tujaribu pamoja. Kilachenji: baki ya fedha iliyokwenda dukani isirudi. Kifichabei: bei inayopungua njiani, kitenge cha shilingi 35,000 kikafika nyumbani kikiwa cha 20,000. Kisubirigiza: ukimya wa watu wawili wanaoona uniti za LUKU zinakaribia kuisha, kila mmoja akingoja mwenziwe anunue. Maneno haya nimeyaunda mimi, lakini kanuni zake hazikuanzia kwangu. Ndiyo maana umeyaelewa kabla sijamaliza kuyafafanua.

La nne limekaribia kujiunda lenyewe. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, fedha ya matumizi husafiri kwa simu, na kwa wakala hukatwa ada. Mume ametuma 20,000. Mke hawezi kuitoa yote ikabaki 20,000. "Mbona hukuweka na ya kutolea?" Liandike kwa pamoja, yakutolea, na utakuwa na nomino inayotaja kigomvi cha yule anayedai ametuma kamili na yule aliyepokea pungufu. Wote wawili wanasema kweli, na sasa kuna neno linalokiri hivyo.

Kwa nini mchezo huu unafanya kazi? Jibu limo katika utani. Mzaramo na Mnyamwezi, mjukuu na babu, wana ruhusa ya kuambiana ukweli mchungu bila kuudhiana. Wanaanthropolojia wameuchunguza uhusiano wa namna hii kwa muda mrefu; A. R. Radcliffe-Brown aliuandikia makala yake maarufu mwaka 1940. Neno la nyumbani hufungua uwanja mdogo wa utani: shutuma imesemwa, na heshima imebaki.

Elimu hii ina mpaka, nami nautaja kwa moyo mzito. Anayemnyima mwenzake fedha ya chakula ili amtawale, au anayeficha mikopo ya kausha damu hadi vyombo vya ndani vikachukuliwa, hajafanya kigomvi. Hayo yana majina mazito, na yabaki mazito. Tusiyapachike KI-.

Basi anza leo. Chagueni kigomvi kimoja kinachojirudia. Kitajeni kwa kitenzi na nomino, mkitangulizie KI-, mkitamke mara tatu mwone kama ulimi unakikubali. Liundeni neno wote wawili, maana neno la mmoja ni fimbo. Kisha lingojeeni neno lenu liive. Utajua limeiva siku mwenzako atakaporudi dukani, aweke mkate mezani, na kabla hujauliza lolote aseme mwenyewe: "Leo nimefanya kilachenji."